Bao Moja la Frendli Halitoshi: Vile Utampima Mchezaji Kabla Msimu Uanze, Kutoka Lodwar Hadi Kakuma

Kila msimu ukikaribia, stori ni ile ile. Timu inacheza frendli moja, winga anaweka bao mbili, na kufikia jioni kila base kutoka Napetet hadi Kanamkemer ishaamua: "Huyo ndo straika wetu mwaka huu." Beki aliyelishwa chenga moja mbele ya watu naye ashazikwa. "Huyo abaki akibeba maji ya timu."

Kubonga ni haki ya kila shabiki, hapo hakuna ngori. Lakini huku Turkana hukumu ya frendli inaweza kumfuata mtu mbali. Kijana wa Nairobi akichoma mechi Jumamosi, wiki ijayo kuna uwanja mwingine, timu nyingine na kocha mwingine wa kumtazama. Lodwar iko zaidi ya kilomita 600 kutoka Nairobi. Makocha wa timu kubwa hawapiti hapa wakienda kununua mkate. Na kama kijana ni mkimbizi anayeishi kambi ya Kakuma, kwa kawaida anahitaji kibali kabla atoke eneo la kambi. Kumaanisha hata kushuka Lodwar, kama kilomita 120 hivi, si kitu ya kuamka tu na kuingia matatu.

Kwa hivyo kuna wachezaji ambao frendli moja ndio nafasi yao ya kuonekana mwaka mzima. Ukimsoma vibaya siku hiyo, hakuna marudio. Ndio maana inafaa tujue kusoma hizi mechi vizuri, iwe wewe ni kocha, nahodha, ama shabiki mwenye mdomo mrefu.

Frendli inapima nini hasa?

Kiswahili kilishatupea jibu kitambo: mechi ya kujipima nguvu. Unajipima wewe mwenyewe. Mpinzani ni kama mizani tu.

Kocha anayejua kazi yake anaingia kwa hiyo mechi na maswali yake. Nani ana pumzi ya dakika 90? Beki wa kushoto na winga wa kushoto wanaelewana? Tukicheza na viungo watatu badala ya wawili, katikati panakaa aje? Yule kijana mpya akiekwa namba sita badala ya namba nane anashtuka ama anatulia? Matokeo yanakuja mwisho kabisa kwa hiyo orodha.

Halafu kuna mambo ya frendli ambayo hayako kwa ligi. Sheria za soka zinaruhusu timu mbili zikubaliane kubadilisha wachezaji wengi kuliko kawaida, bora refa ajulishwe mapema. Ndio maana unaona kipindi cha pili watu nane wapya wanaingia kwa mpigo. Pia, wiki za maandalizi ndio wiki za mbio nyingi. Mchezaji anaweza kuwa amepigishwa mazoezi makali Alhamisi na Ijumaa, kisha Jumamosi unamuona mzito na unasema amekwisha. Miguu imechoka juu kocha alitaka ichoke.

Na kuna maagizo ambayo shabiki hasikii. Kocha anaweza kumwambia straika, "Leo usipige shuti kutoka mbali, nataka uchezee mgongo wa beki." Wewe huko nje unapiga kelele kwamba jamaa anaogopa kupiga.

Gor na Everton: timu ni zile zile, kalenda ndio ilibadilika

Mfano mzuri Kenya tunao. Julai 13, 2017, Gor Mahia walicheza na Everton kule Dar es Salaam. Wayne Rooney alikuwa amerudi Everton siku chache tu, na akafunga bao kutoka mbali, shuti la mita kama 30. Jacques Tuyisenge akasawazisha. Everton wakashinda 2-1 kwa bao la Kieran Dowell dakika za mwisho mwisho. Wengi walitoka hapo wakisema Gor wako karibu na kiwango cha Uingereza.

Novemba 2018, timu hizo hizo zikakutana tena, sasa Goodison Park. Everton 4, Gor 0.

Je, Gor walishuka hivyo kwa miezi 16? Angalia kalenda kwanza. Mwaka wa 2017 ligi ya Kenya ilikuwa inaanza Machi na kuisha Novemba. Kumaanisha Julai, Gor walikuwa katikati ya msimu, miguu imeshika moto, wakati Everton walikuwa ndio wanaanza kukimbia baada ya likizo. Novemba 2018 mambo yakageuka. Ligi ya Kenya ilikuwa imeisha Oktoba, na Everton walikuwa katikati ya msimu wao, tena nyumbani. Kalenda haielezi kila kitu, juu ugenini ni ugenini na baridi ya Liverpool si ya kuchezea, lakini ukiisahau utamuonea mtu.

Ama cheki Julai 2019 pale Kasarani. Kariobangi Sharks walitoka sare 1-1 na Everton na kuwabwaga kwa penalti 4-3. Sherehe ilikuwa halali kabisa. Lakini hakuna msee mwenye akili timamu aliamka Jumatatu akisema Sharks na Everton ni kiwango kimoja.

Na hata mchezaji akifanya poa, hiyo haisemi timu itafanya poa. Rooney alimaliza ule msimu wa 2017-18 na mabao 10 ya ligi, kwa hivyo shuti la Dar halikuwa bahati tupu. Lakini kocha wake, Ronald Koeman, alifutwa Oktoba 2017, miezi mitatu baada ya hiyo mechi. Bao la frendli lilisema ukweli kuhusu mguu wa Rooney. Kuhusu Everton halikusema chochote.

Mambo matano ya kucheki

Sasa turudi kwa vumbi letu. Chukulia timu ya Lodwar imepanda Kakuma kwa frendli wiki mbili kabla ligi ya kaunti ianze. Unafaa kutazama nini?

1. Alicheza na nani, dakika gani. Bao mbili za dakika ya 75 na ya 83, wakati wapinzani wamebadilisha mabeki wote na kipa ni wa akiba, si sawa na bao moja la dakika ya 12. Usiandike "alifunga" bila kuandika alimfunga nani. Hii sheria inalinda beki pia. Aliyezuia straika wao mkali kwa dakika 45 amefanya kazi kubwa kuliko aliyeingia wakati mpinzani ashachoka.

2. Anafanya nini bila mpira. Kwa mechi ya dakika 90, hata mchezaji anayeguswa sana na mpira anakaa nao dakika chache tu. Hiyo ingine yote anatembea, anakimbia, anakaba, anafungua nafasi ama amesimama mikono kiunoni. Chagua mchezaji mmoja, muangalie yeye tu kwa dakika kumi na usahau mpira. Utashangaa. Kuna wengine wanaonekana wakali juu macho yetu yanafuata boli, na wengine wanaonekana hawapo kumbe ndio wanaziba mashimo yote.

3. Uamuzi wake wa kwanza. Uwanja wa changarawe unadanganya. Mpira unaruka vile unataka, kwa hivyo kumhukumu mtu kwa mguso wa kwanza pekee ni kumuonea. Cheki kichwa. Kabla mpira umfikie, aliangalia nyuma yake? Alikuwa anajua ataupeleka wapi? Uwanja ukiwa mbaya, anayefikiria mapema anaonekana haraka kuliko mwenye chenga.

4. Anafanya nini akishakosea. Amepoteza mpira. Anaufuata hapo hapo, ama anainua mikono kulaumu mwenzake? Hii kitu haijali kama ni frendli ama fainali. Pumzi utaijenga kwa wiki sita. Tabia ya kususia mchezo ukipoteza mpira inachukua muda zaidi kutoka.

5. Jua na lugha. Joto la mchana Lodwar hupita digrii 35 mara nyingi. Mechi ya saa nane na mechi ya saa kumi na nusu si mechi moja. Hata Kombe la Dunia lilinyenyekea kwa jua: Juni 2014 kule Fortaleza, Uholanzi wakicheza na Mexico, refa alisimamisha mchezo ndio wachezaji wanywe maji. Kama wataalamu wenye madaktari na mlo kamili wanahitaji hiyo, kijana aliyekula chai pekee asubuhi je? Kabla useme mtu ni mvivu, uliza mechi ilianza saa ngapi na kama kulikuwa na maji.

Lugha nayo ni mambo ya Kakuma zaidi. Kambini kuna watu kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingine. Beki wa kati anaweza kuwa anaongea Kidinka na Kiarabu, na kipa Kiswahili na Kifaransa. Ukiona beki haongei, usikimbilie kuandika "hana uongozi." Inawezekana hana neno la kumwambia mwenzake. Timu ikikubaliana maneno matano tu ya uwanjani, kama toka, baki, wangu, nyuma na peleka, huyo beki bubu anaweza kugeuka nahodha.

Karatasi moja na biro

Kumbukumbu ya shabiki ni mbaya manze. Inashika bao, kanzu na fauli kubwa, basi. Video ya simu nayo ni hivyo hivyo. Sekunde 30 za chenga hazionyeshi dakika 89 zilizobaki. Dawa ni bei ya chini.

Chukua karatasi, igawanye mistari sita, kila mstari dakika 15. Weka safu nne: alipokea mpira na timu ikabaki nao, alipoteza mpira, alipora ama kuziba mpira, alirudi nyuma tulipoupoteza. Kila kitu kikitokea, piga alama. Mtu mmoja afuate wachezaji wawili, asizidishe. Mkiwa wasee watano kwa timu mnaweza kuangalia watu kumi.

Tuchukulie mfano, namba za kutunga tu. Winga wenu ameweka bao mbili, amepoteza mpira mara 14, na amerudi nyuma mara 2 kati ya 11. Kiungo wa chini hana bao, amepoteza mara 4, amepora mara 9, na mstari wake wa dakika za mwisho unafanana na wa kwanza. Mtaani winga ndio staa. Kwa karatasi, huyo kiungo ndio umeona wa kukubeba msimu mzima.

Lakini karatasi pia inaweza kuongopa, kwa hivyo isome polepole. Winga akipoteza mpira karibu na boksi la wapinzani akijaribu kumpita beki, hiyo ni sehemu ya kazi yake. Kiungo akiupoteza mbele ya mabeki wake, hiyo ni hatari. Andika alipoteza wapi. Kisha muulize kocha alimuagiza nini. Labda huyo winga aliambiwa abaki juu asirudi, na zile mara 9 ambazo hakurudi zilikuwa amri.

Faida kubwa ya mistari sita ni kuonyesha pumzi. Mchezaji mwenye alama nyingi mistari miwili ya kwanza kisha kimya hajakosa kipaji, amekosa mazoezi. Huyo anapewa wiki nne, hafukuzwi.

Kila namba na mzani wake

Usimpime kipa kwa idadi ya mabao. Kipa anaweza kula tatu ambazo hakuna mtu angezuia, na mwingine asifungwe juu hakupigiwa shuti hata moja. Cheki alisimama wapi kabla ya shuti, na kama alitoka kwa krosi ama aliganda kwa mstari.

Beki mpime kwa hatari ambazo hazikutokea. Beki anayetelezea wapinzani kila dakika anapigiwa makofi, lakini mara nyingi anateleza juu alikuwa amesimama pabaya. Kiungo, hesabu kama pasi zake zinawapata wenzake wakiangalia mbele ama wakiwa na mgongo kwa goli. Straika, angalia nafasi alizopata hata kama alizikosa. Straika anayekosa nafasi nne kwa frendli anajua kufika mahali mabao hupatikana, na kumada kunafundishika. Asiyepata hata nafasi moja ndio wa kukuumiza kichwa, na hata hapo uliza kwanza kama kuna mtu alimpasia.

Msee wa Kakuma ambaye angeweza kuandikwa vibaya

Ukitaka kujua kwa nini haraka ni mbaya, cheki safari ya Awer Mabil. Alizaliwa kambi ya Kakuma mwaka wa 1995, wazazi wakiwa wametoka Sudan Kusini ya leo. Alianzia boli hapo hapo kwa vumbi, miguu mitupu. Familia yake ilihamia Adelaide, Australia, mwaka wa 2006.

Akaingia Adelaide United akiwa kijana mdogo, na mwaka wa 2015 akanunuliwa na FC Midtjylland ya Denmark. Hapo ndio sehemu watu husahau. Hakuomoka mara moja. Midtjylland walimtoa kwa mkopo Esbjerg, kisha wakamtoa tena kwa mkopo Paços de Ferreira ya Ureno. Misimu miwili ya kukopeshwa. Kwa lugha ya base zetu, huyo alikuwa "ameisha."

Oktoba 2018 akachezea Australia mara ya kwanza, dhidi ya Kuwait, na akafunga siku hiyo hiyo. Msimu wa 2019-20 alikuwa kwa timu ya Midtjylland iliyobeba ligi ya Denmark. Juni 2022, Australia ikipigania tiketi ya Kombe la Dunia na Peru, mechi ikaenda penalti. Mabil alipiga ya sita na akafunga. Penalti iliyofuata ya Peru ikadakwa, na Australia ikaenda Qatar. Mtoto wa Kakuma akacheza Kombe la Dunia. Yeye na kaka yake walianzisha shirika la Barefoot to Boots, ambalo limekuwa likileta daluga na vifaa kambini.

Kuna mtu pale Denmark aliangalia kijana ambaye namba zake hazikuwa zinapendeza na akaamua kumpa muda badala ya kumkata. Midtjylland walikuwa na pesa ya kusubiri. Timu zetu hazina hiyo pesa, lakini mechi tatu za kumtazama mtu zinatoshea mfuko wa kila timu.

Tufanye aje basi?

Kwa makocha: usimkate mchezaji kwa frendli moja. Mpe angalau mechi tatu, moja kwa nafasi yake ya kawaida, moja wakati wa baridi ya jioni, na moja akianza, si kuingizwa dakika ya 70. Kama timu ya kambini haiwezi kushuka Lodwar juu ya mambo ya vibali, timu ya Lodwar ipande Kakuma. Wachezaji wa pande zote mbili wataonekana, na hakuna atakayehukumiwa kwa mechi ambayo hakuruhusiwa kusafiri kuicheza.

Kwa wachezaji: frendli sio siku ya kufanya kila kitu. Chagua mambo mawili ambayo kocha wako anataka, uyafanye dakika zote. Ukiingia mwisho na dakika 15, mbio zako za kurudi nyuma zitaonekana haraka kuliko chenga. Na ukichoma, endelea kuuliza mpira. Anayeangalia vizuri ataandika hiyo pia.

Kwa mashabiki: bonga, cheka, chocha, hiyo ndio utamu wa boli. Lakini kabla hujampea kijana jina baya ambalo litamfuata msimu mzima, jiulize kama uliona dakika zake zote ama uliona tu ile moja aliyoanguka.